Shule ya mtoto wako na uraia wake ni mambo mawili: maelezo kwa wazazi wa Texas

Msimu wa kuandikisha watoto umefika tena na safari hii ofisi yetu ya usajili na huduma za lugha inapokea maswali ambayo zamani tulikuwa tunayasikia mara mojamoja tu. Kuna voisi zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya Wakongomani, Warundi, Wakenya na Watanzania wa hapa Texas, zinasema eti tangu Rais Trump asaini ile amri ya kubana uraia wa kuzaliwa basi shule zimeagizwa kukagua karatasi za wazazi, na eti mtoto aliyezaliwa hapa anaweza kunyang'anywa cheti chake cha kuzaliwa pale pale kaunta. Matokeo yake kuna watoto wa miaka mitano na sita wako nyumbani na simu mkononi siku nzima wakati wenzao wanajifunza kusoma. Ndo maana naandika kwa Kiswahili.

Niseme kwanza mipaka yangu. Ofisi yetu inaandikisha wanafunzi na kusaidia familia zinazoongea lugha nyingine nyumbani, haitoi ushauri wa kisheria wa uhamiaji, na hakuna kitu humu kinachochukua nafasi ya wakili. Mwenye kesi yake aende kwa wakili wa uhamiaji au kwa mwakilishi anayetambuliwa na Wizara ya Sheria, asiende kwa mtu anayejaza fomu sebuleni kwake hata kama ni mtu wa kwetu na bei yake ni nafuu.

Sasa jambo lenyewe. Kama mtoto ni raia au si raia, hilo ni swali moja. Kama mtoto ana haki ya kukaa darasani kwenye shule ya serikali, hilo ni swali lingine, na sheria ya swali la pili haisubiri jibu la swali la kwanza. Hata kesho uraia wa kuzaliwa ukibadilishwa wote, mtoto asiye raia anaingia darasani kwa haki ileile, kwa sababu haki hiyo tangu mwanzo iliamuliwa kwa ajili ya watoto ambao si raia. Nitaeleza.

Amri inayoongelewa ni namba 14160, ilisainiwa tarehe 20 Januari 2025, siku ileile Trump alipoapishwa. Inataka serikali ya shirikisho isitambue uraia wa mtoto aliyezaliwa Marekani kama mama yake hana karatasi, au yupo kihalali lakini kwa muda kama mwenye viza ya masomo au ya kutembea, na baba naye si raia wala hana grinikadi (kibali cha ukaazi wa kudumu). Na inagusa watoto waliozaliwa baada ya tarehe 19 Februari 2025, siyo waliozaliwa kabla. Siku tatu baada ya kusainiwa jaji John Coughenour wa Seattle akaizuia, mazuio mengine yakafuata, alafu tarehe 27 Juni 2025 Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Trump v. CASA ikasema majaji wa chini wasitoe zuio la nchi nzima linalopita wahusika wa kesi, na hapo ndo watu wengi wakaelewa kwamba amri imepita. Haikupita. Siku ile mahakama haikuamua kabisa kama amri yenyewe ni halali au siyo. Tarehe 10 Julai jaji Joseph Laplante wa New Hampshire akatoa zuio jipya kwenye kesi ya pamoja inayowabeba watoto wote wanaoguswa, na Desemba 2025 Mahakama ya Juu ikakubali kuisikiliza kesi hiyo.

Sasa mzazi apige hesabu mwenyewe. Mtoto mkubwa kuliko wote anayeweza kuguswa na amri hii kazaliwa mwishoni mwa Februari 2025. Kindagateni hapa Texas mtoto anaingia akiwa ametimiza miaka mitano ifikapo tarehe 1 Septemba, kwa hiyo mtoto huyo ataanza kindagateni mwaka 2030. Yaani katika watoto wote waliozaliwa Marekani na wanaosoma sasa hivi kuanzia kindagateni mpaka darasa la 12, hakuna hata mmoja ambaye amri hii inamtaja. Hakuna. Mama anakaa na mtoto wa miaka saba aliyezaliwa Fort Worth, anamficha kwa sababu ya amri isiyomhusu, na mtoto kashakosa nusu muhula.

Naelewa hofu hii inatoka wapi na siidharau. Wazazi wengi tunaowahudumia wamepita kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Tanzania, au Kakuma, Kenya. Watoto wao walizaliwa Kigoma au Turkana, wakakulia pale, na bado wakabaki wakimbizi kwa sababu kuzaliwa kambini hakukuwapa uraia wa nchi iliyowapokea. Tanzania mwaka 2014 iliwapa uraia Warundi kama 162,000, lakini hao walikuwa wale waliokimbia 1972 na familia zao, na ilikuwa uamuzi maalumu wa serikali. Kwa mtu mwenye historia hiyo, kuambiwa kwamba mtoto amekuwa raia kwa kuzaliwa tu hospitali ya Dallas ni kitu kigumu kuamini, na akisikia kwamba kuna amri ya kuufuta anaamini haraka sana.

Lakini hapa msingi uko kwenye Katiba. Marekebisho ya 14 yalipitishwa mwaka 1868 baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe, ili kufuta hukumu ya Dred Scott ya 1857 iliyosema mtu mweusi hawezi kuwa raia. Yanasema waliozaliwa Marekani na walio chini ya mamlaka yake ni raia. Mwaka 1898 ikaja kesi ya Wong Kim Ark, mpishi aliyezaliwa San Francisco kwa wazazi Wachina ambao sheria ya wakati ule haikuwaruhusu kuwa raia, alienda kuwasalimia ndugu China, aliporudi 1895 akazuiliwa bandarini akiambiwa yeye siyo raia. Mahakama ya Juu kwa majaji 6 dhidi ya 2 ikasema ni raia kwa kuzaliwa. Wanaobaki nje ni wachache sana, kama watoto wa mabalozi wenye kinga. Mabishano ya sasa ni juu ya hayo maneno ya mamlaka, na hayo tuwaachie mahakama.

Kesi inayomhusu mzazi aliyesimama kaunta kwetu ni nyingine, na inasikitisha kwamba hata watu waliokaa Texas miaka kumi hawaijui wakati ilianzia hapahapa. Mwaka 1975 bunge la Texas lilipitisha sheria iliyosema hela ya jimbo isilipie mtoto ambaye hakuingia nchini kihalali, na wilaya za shule zinaweza kumkataa. Mji wa Tyler, mashariki ya Dallas, ukaanza mwaka 1977 kuwadai watoto hao dola 1,000 kwa mwaka kila mmoja. Familia nne za Wameksiko zikashtaki. Kesi yao inaitwa Plyler v. Doe: majina yao yalifichwa ndo maana wanaitwa Doe, na Plyler ni jina la msimamizi mkuu wa shule za Tyler wakati ule. Wazazi wale walijua wanaweza kukamatwa wakitoka mahakamani lakini walienda. Jaji William Wayne Justice akawapa haki, na tarehe 15 Juni 1982 Mahakama ya Juu ikathibitisha kwa majaji 5 dhidi ya 4. Jaji William Brennan aliyeandika hukumu alieleza kwamba mtoto hawezi kuadhibiwa kwa alichofanya mzazi wake, na kwamba nchi inayowaacha maelfu ya watoto bila kusoma inajitengenezea tabaka la watu litakaloigharimu baadaye.

Tangu hapo Plyler v. Doe ndo sheria kwenye majimbo yote 50. Majaribio ya kuizunguka yamekuwepo. California 1994 ilipigia kura Pendekezo 187 la kuwanyima shule watoto wasio na karatasi, mahakama ikalizuia. Alabama 2011 ilitaka shule zichunguze hali ya wanafunzi wapya, mahakama ya rufaa ikaifuta sehemu hiyo 2012. Gavana Abbott wa hapa kwetu alisema mwaka 2022 kwamba anataka kuipinga upya. Oklahoma mapema 2025 bodi ya elimu ilipitisha kanuni ya kuwauliza wazazi uraia, wabunge wa jimbo wakaikataa. Tennessee mwaka huohuo mswada ulipita Seneti ukakwama. Hizi ndo habari zinazokatwa vipandevipande na kuwekwa kwenye voisi, mtu wa Houston anasikia ya Nashville anadhani ni yake.

Sasa tuje kwenye kuandikisha, na hapa naomba msome polepole maana ndo kazi yetu ya kila siku na ndo makosa yanapotokea.

Tunahitaji kujua mambo matatu: mtoto ni nani na ana umri gani, anaishi ndani ya mipaka ya wilaya yetu, na chanjo zake zikoje. Kwa umri na utambulisho cheti cha kuzaliwa cha nchi yoyote kinatosha, cha Uvira, cha Bujumbura, cha Mombasa. Kama hakipo kuna njia nyingine, paspoti, rekodi za hospitali, rekodi za shule ya zamani, karatasi za ukimbizi kama ukiamua mwenyewe kuzitumia. Kwa makazi leta mkataba wa pango au bili ya umeme, maji au gesi. Leseni ya udereva haituhusu kama huna. Namba ya soshali (Social Security) mzazi anaweza asiitoe, na mtoto asiye nayo anapewa na mfumo wa jimbo namba mbadala inayoanza na herufi S, anasoma nayo mpaka anamaliza. Nimeshaona mzazi anaomba namba ya soshali ya binamu "ili mtoto apokelewe". Usifanye hivyo kabisa. Kutokuwa na namba siyo kosa, kutumia namba ya mtu mwingine ni kosa kubwa na linaweza kukuharibia kesi yako ya uhamiaji kwa maisha yote.

Nyaraka za utambulisho, rekodi za shule aliyotoka na chanjo zinatakiwa zifike ndani ya siku 30. Hizi siku 30 zina jambo ambalo linawatisha watu kwa hiyo bora nilieleze vizuri. Sheria ya elimu ya Texas inasema zisipoletwa, wilaya inatakiwa kuwaarifu polisi wa mji au sherifu wa kaunti na kuuliza kama mtoto huyo ameripotiwa kupotea. Lengo ni watoto waliotekwa au kutoroshwa na mzazi mmoja. Haihusiani na uhamiaji. Lakini kwa nini ufike huko? Ukiona karatasi zinachelewa kutoka Lubumbashi njoo utuambie kabla siku hazijaisha, tutatafuta njia nyingine. Watu wetu wana tabia ya kunyamaza wakidhani kunyamaza kunasaidia, na kwenye hili kunyamaza ndo kunaleta simu ambayo hukuitaka.

Anwani ya uongo nayo ni tatizo. Fomu ya kuandikisha imeandikwa wazi kwamba kuweka taarifa za uongo ni kosa la jinai chini ya sheria za Texas, na aliyemwandikisha mtoto kwa uongo anaweza kudaiwa ada ya kipindi chote mtoto aliposoma bila kustahili. Hatusemi kutisha, tunasema kwa sababu tunaona watu wakitumia anwani ya rafiki ili mtoto apate shule nzuri, na hawakuhitaji. Kama familia yenu inaishi kwa ndugu sababu hamjaweza kulipa nyumba, au mko moteli, kuna sheria ya shirikisho ya mwaka 1987 inaitwa McKinney-Vento, mtoto anaandikishwa siku hiyohiyo hata bila karatasi moja, tena anaweza kupata usafiri. Sema ukweli tu kwamba mnaishi mmebanana kwa shangazi.

Mtoto anayeishi na ndugu badala ya wazazi, hili ni la kwetu sana, mtoto wa kaka, mjukuu, yatima aliyelelewa kambini. Texas ina fomu ya makubaliano ambayo mzazi anampa ndugu ruhusa ya kumwandikisha mtoto na kumpeleka hospitali, inasainiwa mbele ya notari. Bila hiyo bado tunazungumza, usirudi nyumbani na mtoto.

Ila kuna jambo moja ambalo lazima niseme wazi hata kama halipendezi. Mpwa wako aliyekuja likizo kwa viza ya kutembea kutoka Nairobi au Dar, sisi hatutauliza viza yake, lakini masharti ya viza hiyo hayaruhusu masomo, na akisoma anaweza kuonekana amevunja masharti na kunyimwa viza baadaye. Viza ya masomo ya F-1 nayo kwa shule ya serikali ni sekondari peke yake, isizidi miezi 12, na familia inalipa gharama yote. Kwa hiyo shule kumpokea haimaanishi uhamiaji imeridhika. Hapo ndo unahitaji wakili kabla ya kuandikisha, siyo baada.

Usiri. Rekodi za mwanafunzi zinalindwa na sheria ya shirikisho ya 1974 iitwayo FERPA. Hatuzitoi kwa mtu wa nje bila ruhusa ya mzazi isipokuwa kwa mambo ambayo sheria imeyataja, mfano amri ya mahakama, na hapo kwa kawaida tunatakiwa kujitahidi kumjulisha mzazi kwanza. Lakini kuna kundi la taarifa za kawaida, jina, anwani, simu, mahali alipozaliwa, ambazo wilaya inaweza kuzitoa kama mzazi hajakataa kwa maandishi. Fomu ya kukataa inakuja mwanzo wa mwaka katikati ya rundo la karatasi na karibu wote mnaisaini bila kusoma. Isomeni hiyo. Weka alama ya kukataa, toa kopi, kaa nayo.

Kuhusu maafisa wa ICE, yaani wale wa shirikisho wanaokamata watu kwa mambo ya uhamiaji, ni kweli kwamba Januari 2025 serikali iliondoa mwongozo uliokuwa unawazuia kwa sehemu kubwa kufanya operesheni shuleni, kanisani na hospitali. Sitasema haiwezekani wakaja. Utaratibu wetu ni kwamba mgeni yeyote anaishia ofisi ya mbele, mkuu wa shule anapiga simu kwa wanasheria wa wilaya, na karatasi inaangaliwa kama imesainiwa na jaji au imetolewa na idara ya uhamiaji yenyewe, maana hazina nguvu sawa. Wewe mzazi kazi yako ni kuhakikisha namba za dharura ni za sasa na kuna mtu mzima wa pili mwenye ruhusa ya kumchukua mtoto. Faili nyingi tulizonazo zina namba ya simu iliyokufa zamani.

Mahudhurio. Texas mtoto wa miaka 6 mpaka 19 analazimika kusoma. Akikosa bila sababu siku 10 au sehemu za siku ndani ya miezi 6, mzazi anaweza kufikishwa mahakamani, faini ya kwanza mpaka dola 100, ya pili 200, inapanda hivyo hadi 500. Pia mwanafunzi akihudhuria chini ya asilimia 90 anaweza kunyimwa alama za somo. Hofu ya ICE haimo kwenye orodha ya sababu zinazokubalika. Kilichomo, na wengi hamkijui, ni siku ambayo mwanafunzi anaenda ofisi ya serikali kukamilisha karatasi za kuomba uraia na siku ya kiapo cha uraia, hizo sheria inatulazimisha kuzikubali, leta tu ile barua ya apointimenti.

Chakula cha shule hakiulizi uraia. Fomu inaomba tarakimu nne za mwisho za soshali ya mtu mzima mmoja, na pembeni kuna kiboksi cha kusema hana. Weka tiki, endelea.

Na sasa yale mawili ambayo yananichosha. La kwanza, kwamba mtoto akizaliwa hapa wazazi wanapata karatasi. Hapana, hapana. Raia anaweza kumwombea mzazi akiwa na miaka 21, na mzazi aliyeingia bila kukaguliwa mpakani anaweza bado kukutana na kizuizi cha miaka 10 akitoka nje kuchukua viza. Mtu anayewauzia huduma ya "karatasi kupitia mtoto mchanga" anawaibia. La pili ni kinyume chake, familia zina raia ndani ya nyumba na hazijui. Kwa sheria iliyoanza 27 Februari 2001, mtoto mwenye grinikadi aliye chini ya miaka 18 anayeishi na mzazi anayemlea kisheria anakuwa raia palepale mzazi huyo anapoapishwa. Hakuna kuomba. Mwanao aliyezaliwa Nyarugusu anaweza kuwa ni raia tangu siku ya kiapo chako na bado anajaza fomu za chuo akiandika mkazi wa kudumu. Mchukulieni paspoti ya Marekani, kwa aliye chini ya miaka 16 ni dola 135, wakati cheti cha uraia kupitia fomu N-600 kwa ada zilizoanza Aprili 2024 kinapita dola 1,300. Vyote vinathibitisha uraia.

Mwisho ni vijana. Kijana aliyefika akiwa na miaka 17 au 18, Kiingereza hajui, baba anamwambia shule imempita aende kiwanda cha kuku. Haijampita. Texas anaruhusiwa kusoma bure kama hajafika miaka 21 ifikapo tarehe 1 Septemba. Atawekwa kwenye programu ya wanaojifunza Kiingereza, masomo aliyosoma kambini tunayaangalia kama yanaweza kuhesabiwa. Na huku chini, mtoto wa miaka minne asiyejua Kiingereza anastahili prikei (darasa la kabla ya kindagateni) ya bure kwa sababu hiyohiyo ya lugha, na hiyo nafasi familia zetu nyingi zinaiacha.

Ukija ofisini omba mkalimani wa Kiswahili, bila malipo, ni wajibu wetu kumtafuta. Useme Kiswahili cha wapi, maana mama wa Fizi, Kongo, na mkalimani wa Lamu, Kenya, wakati mwingine wanapotezana kwenye maneno ya chanjo na magonjwa, na hapo ndo fomu inajazwa vibaya. Usimlete mtoto wa darasa la tano akutafsirie fomu za kisheria. Na ukijaza lile dodoso la lugha ya nyumbani andika Kiswahili, Kibembe, Kirundi, chochote mnachoongea kweli, kwa sababu ukiandika Kiingereza ukidhani unamsaidia mtoto, anakosa mwalimu wa lugha anayestahili kupewa.